Mama Hasikii Kilio

Katika chumba cha uani cha nyumba ya Bi Siwema, mtaa wa Gerezani, karibu na Kariakoo, walikaa wanawake watatu: Scholastika, mkwewe Evarista, na Mama. Scholastika alilala kitandani. Evarista alilala chini kwenye mkeka, kwa kuwa tumbo la miezi saba halikuelewana na kitanda cha kamba. Mama alilala kwenye kibuyu, na kibuyu kilizikwa nusu kwenye karai la mchanga uliolowa, kona isiyofikiwa na jua.

Mama ni chachu ya pombe. Ukichungulia utaona uji mzito wa rangi ya udongo, unanuka unga mbichi wa ulezi, basi. Lakini Scholastika alitoka naye Mbinga akiwa bibi harusi, amempakata kwenye basi siku mbili. Scholastika alipewa na mama yake mzazi, na huyo alipewa na wake, na huko nyuma hakuna tena anayekumbuka majina. Wote hao wamekufa. Mama wa kibuyuni yupo. Ndiyo maana kitendawili cha kwanza alichofundishwa mtoto katika nyumba ile kilikuwa hiki: namgawa kila siku, hapungui.

Kila wiki Scholastika alipika komoni. Pumba za mahindi zilirowekwa siku tatu mpaka zikachachuka, zikakaangwa juu ya bati, zikachemshwa pipani na kuachwa zipoe, kisha kikaja kimea cha ulezi. Hapo ndipo Mama alipoitwa. Akiingia jioni, kesho yake pipa linachemka bila moto. Pombe ikitulia na kuchotwa, chini yanabaki machicha, na humo machichani ndimo Mama alimotafutwa arudi nyumbani kwake.

"Povu la juu lina papara," Scholastika alimfundisha mkwewe mwaka uliopita, alipoolewa. "Ukimchukua wa juu, pombe itapanda mbio na kuanguka mbio. Matope ya chini kabisa nayo yamechoka, yamelaliwa na maganda. Mama yuko katikati, hapo penye weupe. Ingiza upawa polepole, kama unamtolea mto mtoto aliyelala."

Halafu anaoshwa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, anaachwa atulie, maji yanamwagwa, anarudishwa kibuyuni na vijiko viwili vya togwa. Evarista aliyajua yote hayo. Jambo moja tu hakulijua, kwa sababu lilifundishwa kwa mwanamke aliyekwisha zaa: kwamba Mama wa kibuyu huchoka, na mwenyewe hasa haishi kibuyuni. Anaishi kwenye kata. Juu ya mlango, kwenye msumari, ilining'inia kata ya majani makavu ya mgomba, ile ya kutwishia ndoo kichwani. Kila Pasaka Scholastika aliichovya katikati ya machicha, akaianika kivulini hadi ikakauka kama mfupa. Kibuyu kikianza kunuka siki, kata inavunjiwa kipande kwenye togwa vuguvugu, na Mama anaamka kama hakuna kilichotokea. Mgeni akiingia aliona kata tu. Nyoka wangu kajing'ata mkia, namvika kichwani.

Bi Siwema, mwenye nyumba, alikuwa mtu wa swala tano, na habari ya pombe waliimaliza siku ya kwanza kabisa, miaka kumi na moja nyuma. "Mimi uani kwangu naona pipa la maji," alisema. "Nikinusa kitu, nina mafua." Walevi hawakukanyaga pale, pombe ilitoka kwa madebe kwenda kilabuni. Basi Bi Siwema akawa na mafua miaka kumi na moja, wakaishi vizuri.

Sheria za Mama zilikuwa chache. Hauzwi, anapewa bure anayemwomba, maana siku ukimpoteza utamfuata kwa yule uliyempa. Halishwi kitu cha moto. Na hasikii kilio. Nyumba iliyofiwa inammwaga mlangoni kwa nyuma kabla jua halijazama, mahali pale panafunikwa majivu, kibuyu kinalazwa kifudifudi siku arobaini. Chachu iliyokaa na msiba, walisema wazee wa Mbinga, huwalisha watu machozi. Scholastika aliishika sheria hiyo mara tatu: kwa mumewe, na kwa watoto wawili. Kila mara alimwaga kibuyu, akaichoma kata, akahesabu siku zake, kisha akaenda kwa miguu Magomeni kwa shoga yake Benedikta, ambaye zamani yeye ndiye alimpa Mama, akasema neno moja linalosemwa: "Nimekuja kumfuata."

Mtoto wa tatu ndiye aliyebaki, Gaudens, mume wa Evarista.

Gaudens alikuwa fundi wa springi za magari hapo hapo Gerezani, chini ya turubai, kazi isiyo na karatasi. Asubuhi moja ya mwezi wa kumi, mwaka elfu moja mia tisa themanini na tatu, siku zile za kukusanya wasio na kitambulisho cha kazi, alitoka kwenda kutafuta chumvi. Lori likasimama. Aliyeona alisema Gaudens alipanda bila ubishi, akiwaonyesha viganja vyake vyeusi vya grisi, kama vile viganja ni cheti. Alipelekwa wapi, hakuna aliyewaambia. Wengine walisema Handeni, wengine Kilosa, kwenye mashamba. Scholastika alikwenda kuuliza, akaambiwa arudi Jumatatu. Jumatatu akaambiwa arudi Jumatatu.

Basi akangoja kwa njia aliyoijua. Alipika. Mwaka ule ulikuwa wa foleni: foleni ya sabuni, foleni ya unga wa yanga, ule wa njano, na sukari ikawa kitu cha kusimuliwa. Madebe mawili ya komoni kila Jumamosi ndiyo yaliyowalisha, na Mama ndiye aliyewapa madebe. Kila asubuhi Scholastika alifungua kibuyu, akasikiliza. Kikifanya "tss" kidogo, alijiambia: nyumba haijafiwa. Mtu akimwona angedhani anasikiliza simu.

Kazini walitegeana vitendawili, maana Gaudens alikuwa bingwa wa hivyo na uani palikuwa kimya mno bila yeye. Akishindwa alikuwa hakubali kutoa mji wa maana. "Nipe mji," mama yake angesema, naye angejibu, "Nakupa Ulaya, nenda ukapigwe baridi." Evarista yeye mji wake ulikuwa mmoja, kwao. Kila akishindwa alisema, "Nakupa Peramiho."

"Peramiho nimekwenda mpaka wamenichoka," Scholastika alimwambia. "Siku moja nitafutie mji mpya."

Kila Jumamosi Benedikta alikuja kutoka Magomeni, akaketi kwenye kinu kilichopinduliwa, akaanza uchokozi wake.

"Huyu Mama wako bado anapanda kama mgonjwa anapanda ngazi."

"Anapanda kwa adabu. Wa kwako amelewa yeye mwenyewe kabla ya walevi."

"Wa kwangu anakula sukari guru, shoga. Kwa Chandu, dukani, mkewe ananiwekea kipande."

"Ndiyo maana ananuka ndizi zilizooza. Nilikupa mtoto wa watu, umemlea ovyo."

Evarista alicheka mpaka akashika tumbo. Na ilikuwa kweli. Chachu ile ile, iliyotoka kibuyu kimoja, kwa miaka sita tangu Scholastika alipomfuata mara ya mwisho, ilikuwa imekaa Magomeni ikilishwa sukari guru, na tabia yake ilibadilika. Ya Scholastika ilitoa povu dogo, lililobanana, kama povu la maziwa yakikamuliwa. Ya Benedikta ilitoa mapovu makubwa kama macho ya samaki, yakapasuka kwa kelele, na harufu ya ndizi ikatangulia mlangoni.

Ulipoingia mwezi wa kumi na mbili, Alhamisi moja, Evarista alirudi kutoka kwenye foleni ya unga bila unga. Alikaa muda juu ya ndoo. Kisha akasema anataka kwenda Magomeni, Benedikta alimwahidi nepi za kitambaa.

"Kwa miguu? Na tumbo hilo?"

"Nitapanda basi, mama."

Scholastika alikuwa amelala, amefumba macho, kichwa kinamgonga. Alimsikia akihangaika chumbani, akifungua mlango wa nyuma na kuufunga. Jioni Evarista alirudi, macho mekundu, akasema vumbi la njiani. Alisahau nepi. Jumamosi Benedikta hakuja, na Jumamosi ya pili pia hakuja.

Wiki hizo mbili pumba hazikupatikana, pipa likakaa tupu. Zilipopatikana, Jumatatu iliyofuata ikawa zamu ya pipa. Scholastika alimimina Mama jioni, haraka, kwa sababu mvua ilikuwa inatishia. Asubuhi aliondoa kifuniko cha gunia.

Macho ya samaki yalimtazama.

Alisimama na gunia mkononi. Povu lilikuwa limepanda mpaka ukingoni, kubwa, la papara, linapasuka pa, pa, pa, na juu yake harufu ya ndizi. Akachota kidogo kwa kidole, akalamba. Akalamba tena. Ulimi uliojua kitu kimoja kwa miaka arobaini hauhitaji shahidi.

"Eva."

"Abee, mama."

"Umemlisha nini Mama?"

Evarista alikuwa anapepeta kimea, amempa mgongo. "Togwa. Kama ulivyonifundisha."

"Hujamtilia sukari guru?"

"Tungeipata wapi, mama."

Ni kweli, wangeipata wapi. Scholastika alitaka sana iwe sukari guru. Angemgombeza, angemwita mchawi wa chachu, wangecheka. Alifunika pipa akaenda mlango wa nyuma kumwaga maji ya kuoshea mikono. Pale chini, pembeni ya kizingiti, alikuta majivu yametandazwa, yamelowa mvua na kukauka, yamefanya ganda. Akayachokoa kwa kidole cha mguu. Chini yake udongo ulikuwa na utando mweupe uliopasuka pasuka, kama uji mkavu mdomoni mwa mtoto.

Alisimama hapo. Barabarani mikokoteni ilikuwa inaelekea sokoni Kariakoo, watu wanaitana. Akahesabu watu wa nyumba ile, ambayo haikuwa kazi ndefu. Yeye mwenyewe anapumua. Evarista yuko pale, anapepeta. Alirudi uani akauliza, kwa sauti ya kawaida:

"Mtoto anacheza?"

"Anacheza, mama. Leo ananipiga mateke tangu alfajiri."

"Vizuri," akasema Scholastika.

Mmoja tu ndiye aliyebaki kwenye hesabu.

Aliketi kwenye kinu cha Benedikta. Alimtazama mkwewe kwa nyuma, kisogo chembamba, nywele hazijasukwa siku nyingi, mikono inapepeta ungo ambao ulikuwa umekwisha pepetwa zamani, hauna tena hata ganda moja. Huyu mtoto amekaa na jambo hili siku kumi na mbili. Amelala nalo kwenye mkeka, hatua mbili kutoka kitandani kwangu, wala sikusikia.

Angeweza kunyamaza naye. Hilo lilimjia, likakaa mbele yake kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Hakuna aliyelia katika nyumba ile. Pipa lilikuwa linachemka, Jumamosi ipo, kuna chakula. Mtoto angezaliwa. Na juu ya mlango kata ilikuwa inaning'inia, kavu, salama, na ndani yake amelala Mama wa mama yake, ambaye Evarista hakujua kummwaga. Angenyamaza tu, akavunja kipande kwenye togwa, na wiki ijayo povu dogo lingerudi kama zamani. Nani angemuuliza?

Msumari ule Gaudens ndiye aliyeupigilia. Pasaka iliyopita alimwambia, "Lete, mama, wewe hufiki," akaitundika kata ikingali inadondoka, matone yakamwingia kwenye shati, akalalamika kwamba kazini watamnusa.

"Kitendawili," Scholastika akasema.

Ungo ulisimama. "Tega, mama."

"Ni mama yangu, lakini kanitazama hanijui."

Evarista hakugeuka. Pipa likasema pa, pa. Kawaida angekisia: kioo, kisima, mama wa kambo. Hakukisia kitu.

"Umeshindwa?"

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

Scholastika alingoja Peramiho. Alikuwa ameiweka Peramiho moyoni tayari, na kama ingekuja angeipokea, angekwenda huko Peramiho na jibu lolote la uongo, akarudi, wakaendelea na kazi. Evarista alilaza ungo chini. Aligeuka, akiwa amejishika mgongo kwa mikono yote miwili.

"Nakupa Mbwerasi," akasema.

Scholastika hakuwahi kusikia jina hilo maishani mwake.

"Ni mji?"

"Ni shamba la mkonge, mama. Ndiko walikowapeleka."

"Ah." Akatikisa kichwa polepole. "Basi nimekwenda Mbwerasi. Watu wa Mbwerasi wamenipokeaje?"

Hapo Evarista akasimulia, amesimama vile vile, kwa sauti kama ya mtoto anayesoma mbele ya darasa. Foleni ya unga, Alhamisi ile, dereva wa lori alimtafuta kwa jina. Alikuwa na barua ya Kasmir, fundi mwenzake Gaudens, aliyechukuliwa pamoja naye. Walikunywa maji ya bwawa. Wengi walishikwa na kuhara damu. Gaudens aliugua siku tano. Kasmir na wengine wawili walimzika, safu ya mwisho ya mkonge, wakaweka jiwe.

"Alisema kitu?"

"Kasmir ameandika kwamba alikuwa anawategea vitendawili. Mpaka siku ya nne."

Scholastika akauacha uso wake ukunjamane, mara moja, halafu akaukunjua.

"Ungeniambia, mwanangu."

"Nilitaka nijifungue kwanza. Niliogopa utaanguka, nibaki peke yangu. Na chakula, mama. Siku arobaini tungekula nini." Akapangusa viganja kwenye kanga. "Lakini sikuweza kumwacha hivi hivi. Hana jeneza, hana padri, hana sanda. Nikasema, nimmwagie Mama. Nilikuwa na nini kingine cha kumpa?"

"Na Benedikta ulimwambia?"

"Nilimwambia nimekuja kumfuata. Akanielewa. Lakini sikulia kwake, mama, usihofu, Mama wake hajasikia. Wala hapa sikulia. Nililia Jangwani, pale bondeni. Nilishuka kwenye basi makusudi. Hapakuwa na kibuyu cha mtu."

Scholastika aliinuka. Akavuta kigoda hadi mlangoni, akapanda, magoti yakilalamika, akaitungua kata. Msumari aliuacha.

"Hiyo kata ya nini?" Evarista akauliza. "Kuna maji ya kuteka?"

"Hii ndiyo Mama. Ulimwaga nguo zake tu."

Evarista aliiangalia kata, akamwangalia mkwewe, na rangi ikamtoka. Siku kumi na mbili alidhani amempa mumewe kile kimoja alichoweza kumpa, na hata hicho hakikuwa kamili.

"Hukukosea," Scholastika akamwambia. "Hili hufundishwa ukishazaa. Leo nakufundisha kabla, kwa sababu mambo yote yamekuja kabla. Kaa hapa."

Walikaa mbele ya jiko. Scholastika alianza kuifumua. Jani la kwanza, la pili, yamekauka, yanakatika, unga mweupe unamwagika mapajani. Kila jani alimpa Evarista, na Evarista akalitia motoni. Majani yalinuka mkate. Halafu yalinuka majani yanayoungua, basi. Lilipobaki la mwisho, la katikati, lile lililoanza mzunguko, Scholastika alilishika kidogo kati ya vidole viwili. Lilikuwa pana kama kucha. Lingetosha kuamsha pipa zima.

Akalitia mwenyewe.

"Sasa pipa," akasema.

"Mama, hilo ni la Jumamosi."

"Najua ni la lini. Mimi sasa hivi nitalia, Eva. Nimejizuia tangu nilipoona majivu yako, na siwezi zaidi. Huyu wa Benedikta yumo humo, asinisikie. Nikishalia watu wanywe nini, machozi yangu? Shika huko. Usiinue, sukuma tu."

Walisukuma. Pipa lilikataa, likayumba, likakubali. Komoni ikalala uani pote, vuguvugu, rangi ya udongo, mapovu makubwa yakielea na kupasuka, ikapita chini ya kamba za nguo, ikashika mfereji, ikatoka chini ya lango hadi uchochoroni. Kuku wa jirani wakaja mbio. Scholastika alichukua kibuyu, akakikung'uta, akakilaza kifudifudi juu ya mchanga.

Mlango wa nyumba kubwa ukafunguka. Bi Siwema alitoka, kanga begani, kaswida za redio zikimfuata kutoka ndani. Aliona pipa limelala ubavu. Aliona mto wa pombe unapita mbele ya miguu yake, mwaka ambao watu walilala foleni kwa kilo ya unga. Aliwaona wanawake wawili wamesimama katikati yake, miguu imelowa, wala hakuna anayekimbilia kuokoa hata kopo moja.

Hakuzungumzia mafua. Alirudi ndani, redio ikanyamaza, akatoka tena amejifunika kanga kichwani. Alivua ndala zake, akakanyaga ndani ya pombe kwa miguu mitupu, akaja mpaka walipo, akamshika Scholastika kiwiko.

"Nani?" akauliza.

Scholastika akafungua kinywa amtaje, na jina halikutoka. Kilitoka kilio. Na Evarista, kwa kuwa sasa hapakuwa tena na wa kufichwa, akaketi chini kwenye tope lile na tumbo lake, akalia naye.